Picha 36 Tu: Kamera ya Filamu Yaweza Kukufundisha

Akina mama wengi siku hizi wana kamera mkononi, yaani simu. Mtoto akicheka, tunapiga picha. Akilala, tunapiga. Mwisho wa mwaka simu ina picha elfu mbili, na hakuna hata moja iliyotundikwa ukutani. Kisha simu inaibwa, au inatumbukia kwenye ndoo ya maji, na miaka ya kwanza ya mtoto inakwenda nayo.

Lakini katika makabati ya bibi zetu bado zimo bahasha za picha za zamani pamoja na negativu zake. Negativu iliyotunzwa vizuri hutoa picha tena hata baada ya miaka 40.

Je, tutupe simu? Hasha! Ila mama anayetaka kujua hasa namna ya kupiga picha atapata mwalimu mzuri katika kamera ya filamu. Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutoa picha 36 tu, na kila moja ina gharama. Kwa hiyo utajizoeza kutazama kwanza, kisha ubonyeze.

Kamera ipi?

Usidhani filamu zimekwisha. Kodak na Ilford zingali zinauzwa, na mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu. Lakini kwa kujifunza, ya zamani inayopangwa kwa mkono inatosha. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ilitumiwa sana na wanafunzi. Betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Ikiisha, kamera bado inapiga. Waulize wazee nyumbani, huenda ipo moja sandukuni. Kabla ya kununua filamu, ulizia studio inayosafisha filamu na bei yake, maana zimebaki chache.

Mambo matatu ya kujua

Kwanza, namba ya filamu. Filamu ya 100 au 200 yafaa nje penye jua. Ya 400 huhitaji mwanga kidogo, hivyo yafaa kivulini na ndani ya nyumba.

Pili, tundu la lenzi. Namba zake ni kama 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Angalia usichanganye: namba ndogo ndiyo tundu kubwa! Tundu kubwa huonyesha uso wa mtoto vizuri na kufifisha vitu vya nyuma yake. Tundu dogo huonyesha vyote, nalo lafaa ukoo ukisimama mistari mitatu.

Tatu, spidi, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia. Mtoto anayekimbia ahitaji 1/500 ya sekunde. Ukishuka chini ya 1/60, mkono hutikisika na picha huwa na ukungu.

Fikiria bomba na ndoo. Ukifungua bomba sana, ndoo hujaa upesi. Ukifungua kidogo, utasubiri. Tundu ni bomba, spidi ni muda wa kusubiri, na filamu ni ndoo.

Hata bila kipimo cha mwanga unaweza kuanza hivi: penye jua kali weka tundu 16, na spidi iliyo karibu na namba ya filamu. Kwa filamu ya 100 weka 1/125. Mawingu yakitanda, fungua tundu hadi 8.

Mwanga na nyuso zetu

Jua la saa sita hutia vivuli chini ya macho. Piga asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni. Ndani ya nyumba, mweke mtoto karibu na dirisha, uso wake ukielekea mwanga. Dirisha lisiwe nyuma yake.

Ngozi nyeusi yataka uangalifu. Kamera ikipima mwanga wa anga au wa shela jeupe la bibi arusi, nyuso hutoka giza tupu. Sogea karibu, pima mwanga usoni, kisha rudi nyuma upige.

Tunza filamu na kumbukumbu

Usifungue mgongo wa kamera kabla hujairudisha filamu yote katika mkebe wake, la sivyo itaungua. Usiiache ndani ya gari lililo juani. Uwe na daftari dogo: kwa kila picha andika tundu, spidi na hali ya mwanga. Picha zikirudi, linganisha. Utaona mwenyewe palipofaa na palipoharibika.

Ukimaliza filamu mbili au tatu hivi, hata picha zako za simu zitabadilika, kwani mwanga ni uleule. Kila mwezi chagua tatu zilizo bora, zichapishwe, kisha andika nyuma yake kwa penseli majina, mahali na tarehe.

Na jambo moja zaidi, mama. Katika albamu nyingi baba yumo, watoto wamo, hata mbuzi wa sikukuu yumo, ila mama hayumo kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera. Mfundishe mwanao mkubwa tundu na spidi, mpe kamera, nawe ukae katikati ya wanao. Siku moja wataitafuta picha hiyo.