Fundi wa fundi akianguka, nani analipa?

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini magazini sita tunazojenga kule Katuba zilisimama tangu mwezi wa nane. Tunawajibu hapa bila kuficha kitu.

Tulipatana na mwenye antreprizi mmoja kwa mdomo, na karatasi moja tu ya bei. Kuta alizijenga na watu wake mwenyewe, na kazi ilikuwa nzuri. Kwa paa aliita fundi mwingine, na yule fundi naye akaita vijana wa kupandisha tole. Tuliwapikia bukari kila siku, lakini majina yao hatukuwa nayo.

Siku ya pili jukwaa la miti likaangukia upande wa barabara. Kijana mmoja akavunjika mguu. Mama anayeuza makayabo pale chini akaumia mkono, na meza yake ikavunjika. Nani alipe hospitali? Mwenye antreprizi akasema wale si watu wake. Fundi wa paa akasema shantye ni ya wamama. Tukakumbuka kwamba tulionyeshwa karatasi ya asiransi kabla ya kuanza. Tukaitoa kwenye klaseri na kuisoma kwa mara ya kwanza: ilikuwa asiransi ya kamioneti yake.

Dola 640 zikatoka kwenye sanduku letu la AVEC, pesa tuliyowekea masomo ya watoto. Hakuna mama aliyekataa, lakini hakuna aliyerudi nyumbani na furaha.

Tulipokwenda kuuliza wenye kujua, tulielewa kwamba tulihitaji karatasi mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Ya kwanza ni ya CNSS, ile iliyoitwa INSS zamani. Mfanyakazi akiumia kazini, CNSS ndiyo inayomshughulikia, lakini lazima mwajiri wake awe amemwandikisha na aitangaze ajali. Ya pili ni bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo mara nyingi huandikwa RC. Hiyo ndiyo ingemlipa mama wa makayabo, au jirani ambaye ukuta wake umebomolewa. Kwa kawaida haimlipi kijana aliye juu ya paa.

Kuwa na karatasi ya RC bado hakutoshi. Tazameni jina la kampuni ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha, aina ya kazi, na kiasi cha mwisho ambacho kampuni italipa. Tazameni pia fransizi, yaani sehemu ambayo mwenye bima atajilipia mwenyewe. Halafu ulizeni jambo ambalo sisi hatukuuliza: mafundi watakaoitwa na fundi mkubwa wamo ndani, au kila mmoja alete bima yake? Jibu liwe la maandishi. Pigieni kampuni simu ninyi wenyewe, kwa namba mliyoitafuta, si ile aliyowapa fundi. Zamani bima ilikuwa ya SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na sasa ARCA ndiyo inayotoa ruhusa kwa makampuni. Jina msilolijua, ulizeni ARCA.

Kuna pia sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi inayopitishwa kwa kampuni nyingine. Inakataza kuachia wengine zaidi ya 40% ya thamani ya kazi, na ARSP ndiyo inayoisimamia.

Katika kontra mpya tumeandika kwamba hakuna mtu atakayepanda paa kabla jina lake na karatasi zake hazijafika kwetu, na kwamba 10% ya malipo tutaibakiza mpaka kazi ikubaliwe. Mwenye antreprizi wa kwanza alikataa akaenda zake. Wa sasa ametuzidishia dola 300. Kuna wamama waliolalamika, na tunawaelewa, lakini ni chini ya nusu ya kile tulichoacha hospitalini.

Kazi imeanza tena Jumatatu. Kijana bado anatembea na fimbo. Meza ya mama wa makayabo, dola 35, hatujailipa. Tunaomba kila mmoja aje na sehemu yake Jumamosi.