Umeme wa Bei Nafuu: Soma Kwanza, Tia Sahihi Baadaye

Huku kwetu wengi tunanunua umeme wa TANESCO. Muuzaji ni mmoja, hakuna la kuchagua. Lakini huko Marekani, katika jimbo la Texas, mambo ni mbali. Tangu Januari 2002, watu wa sehemu kubwa ya jimbo hilo huchagua wenyewe kampuni ya kuwauzia umeme. Nguzo na nyaya ni zile zile. Anayebadilika ni muuzaji tu. Je, mtu atachaguaje?

Kuna mikataba ya bei isiyobadilika. Mkipatana bei ya uniti moja kwa mwaka, haipandi mpaka mwaka uishe. Lakini ukivunja mkataba mapema, mara nyingi unatozwa faini.

Kuna pia mikataba ya bei inayobadilika. Hii ni kama bei ya nyanya gulioni: leo chini, kesho juu. Februari 2021 Texas ilipigwa na baridi kali, umeme ukaadimika. Bei ambayo kampuni zenyewe hununulia umeme ikafika dola 9 kwa uniti moja. Siku za kawaida ni senti chache tu, na dola moja ni senti 100. Baadhi ya waliokubali kuifuata bei hiyo walidaiwa maelfu ya dola kwa siku chache. Mwaka huo huo jimbo likapiga marufuku mikataba ya namna hiyo majumbani.

Mtego mwingine ni punguzo. Tuseme uniti ni senti 15, na ukifikisha uniti 1,000 kwa mwezi unapunguziwa dola 50. Ukitumia uniti 1,000 utalipa dola 100. Ukitumia 900 utalipa dola 135. Umetumia kidogo, umelipa zaidi!

Dawa yake ni kusoma. Kila muuzaji wa Texas lazima atoe karatasi yenye bei ya anayetumia uniti 500, 1,000 na 2,000. Mnunuzi hutazama kwanza bili zake za zamani, ajue yeye yuko wapi.

Nasi pia, anapokuja mtu kutukopesha taa za jua, tumwulize:

1. Jumla nitalipa shilingi ngapi?
2. Nikichelewa kulipa, itakuwaje?
3. Nikitaka kuacha, nitadaiwa nini?

Kisha tutafute majibu hayo katika karatasi yake. Yasipoandikwa humo, usitie sahihi. Zamani tuliweka dole gumba tu. Sasa tunajua kusoma.