Geuza bakuli, tazama kitako

Siku tatu baada ya arobaini ya mama, mtu tusiyemjua alipiga hodi nyumbani kwetu katika Mji wa Kale wa Mombasa. Alikuwa mnunuzi wa vitu vya kale. Alitupa pole, akanywa kahawa, kisha akaomba kuonyeshwa vyombo vya kabatini. Hakushika hata kimoja. Alivitupia jicho tu, akataja bei ya vyote kwa jumla, akaziweka noti juu ya meza tuzione.

Dada yangu mkubwa alikuwa na karo ya watoto wawili ya kulipa, na fedha zile hazikuwa haba. Mimi nami, sitaficha, nilikuwa karibu kusema, "Chukua." Aliyetuzuia ni shangazi yetu, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi yake.

"Wanangu," alisema, "mwajua mwauza nini? Na kama hamjui, mirathi mtaigawanyaje?"

Mnunuzi akakusanya noti zake akaenda, akiahidi kurudi baada ya wiki.

Swali la shangazi halikuwa dogo. Mama alikuwa mjane, na wazee wake walikwisha kututangulia mbele ya haki. Alituacha watoto watatu: dada zangu wawili na mimi. Deni likilipwa na wasia ukitimizwa, dini yetu imekwisha kupanga: mali ni mafungu manne, mawili yangu, na moja moja la kila dada. Lakini bakuli halikatwi vipande. Chombo kikiandikwa kuwa ni cha jikoni kwa shilingi chache, kisha mrithi mmoja akakitwaa, kumbe kina thamani kubwa, wenziwe wamepunjwa haki yao hata kama hakuna aliyekusudia. Kukijua chombo basi, si mchezo wa matajiri wakusanyao vitu vya kale. Ni sehemu ya uadilifu.

Usiku ule shangazi alitandika mkeka, tukaviteremsha vyombo vitatu alivyovichagua yeye. Cha kwanza kilikuwa bakuli kubwa la maua mekundu na majani ya kijani, fahari ya mama, ambalo tangu utotoni tuliambiwa limetoka Uchina. Cha pili kilikuwa sahani nzito ya rangi ya kijani, yenye pengo ukingoni, ambayo mama aliwekea ndimu. Cha tatu kilikuwa sahani pana nyeupe isiyo na pambo lolote. Hiyo sote tuliijua. Ni sahani ambayo marehemu babu, baba yake mama, aliandikia kombe. Mtu akiugua, babu alikuwa akiandika aya kwa zafarani, akaiosha kwa marashi, na mgonjwa akanywa.

Shangazi alivipindua vyote vitatu, vikalala kifudifudi.

"Uso wa chombo hupambwa ili umvutie mnunuzi," alisema. "Kitako hakina wa kukipamba. Someni kitako."

Tukaanza na bakuli la maua. Shangazi aliligonga kwa ukucha, likatoa sauti butu. Kaure halisi isiyo na ufa hulia kama kengele ndogo. Udongo wa kawaida uliopakwa rangi ya kung'aa haulii hivyo. Kisha akatuonyesha maua yenyewe. Yote yalikuwa sawasawa, ua hili na lile, hata kasoro ya jani moja ilijirudia kila mahali. Mkono wa mchoraji haufanyi hivyo. Maua hayo yamepigwa kwa muhuri wa sifongo. Kitakoni palikuwa na alama ya mnyama mwenye kichwa cha mtu, na jina la mji: Maastricht. Mji huo uko Uholanzi, na viwanda vyake, kikiwamo cha Petrus Regout, viliuza mabakuli ya namna hiyo kwa wingi katika pwani yetu katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Fahari ya mama haikutoka Uchina. Dada mkubwa alicheka, kisha akafuta machozi.

Sahani nyeupe ilikuwa na neno "England" chini yake. Neno kama hilo ni msaada mkubwa kwa mtafutaji. Mwaka 1891 Marekani ilianza kutumia sheria ya kutaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotengenezwa, na viwanda vingi vya Ulaya vikashika desturi hiyo. Kwa hiyo chombo chenye jina la nchi mara nyingi ni cha baada ya mwaka huo.

Ikabaki sahani ya ndimu. Haikuwa na jina wala muhuri. Kitakoni palikuwa na duara lisilopakwa kitu, lililoungua tanurini likawa jekundu kama tofali. Shangazi alisogeza taa, akaiinamisha sahani, na ndani yake, chini ya ile rangi ya kijani, likaonekana ua lililochorwa kwa ncha ya kijiti kabla ya sahani kuchomwa. Tulikuwa tumekula ndimu juu ya ua lile miaka yote bila kuliona. Penye pengo, udongo ulikuwa wa kijivu cheupe, ulioshikamana. Nilipaka mate kwa kidole, hayakunywewa. Vyungu vya udongo laini hunywa maji penye mvunjiko, hata ulimi ukigusa hunata.

"Hiyo ndiyo ya Uchina," alisema shangazi.

Kwa kutaka uhakika niliipeleka Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ambayo tangu 1960 ni makumbusho. Mtaalamu aliilinganisha na vigae vilivyochimbuliwa katika miji yetu ya kale, akasema ni kazi ya Longquan, katika jimbo la Zhejiang, ya karne ya 14 au ya 15. Bei hakutaja, kwani kutia bei si kazi yao.

Msomaji asishangae kwamba chombo cha mbali hivyo kilikuwa kikiwekewa ndimu Mombasa. Majahazi ya kaskazi yalileta kaure kutoka bandari za Bara Hindi, Uajemi na Arabuni, na ya kusi yakachukua pembe, mikoko na ambari. Katika Gedi, mji uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, mna nyumba inayoitwa Nyumba ya Bakuli la Kaure kwa sababu ya kilichookotwa ndani yake. Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Na katika nyumba za mawe za Lamu, zidaka za ukutani zilipangwa vyombo hivi ili mgeni ajue amefika kwa nani. Wazee wengine waliamini kwamba sahani ya kijani hupasuka ikitiwa chakula chenye sumu.

La kusikitisha ni kwamba leo katika makaburi mengi ya kale utaona mashimo ya duara tu, mahali mabakuli yalipokuwa. Yamebanduliwa yakauzwa. Bakuli lililong'olewa kaburini limedhulumu mara mbili: limemvunjia maiti heshima, na limepoteza ushahidi wake, kwa maana anayelinunua hajui tena lilitoka mji gani wala wakati gani.

Nawe usidanganyike na maandishi ya Kichina kitakoni. Wafinyanzi wa zama za Kangxi, kati ya 1662 na 1722, mara nyingi waliandika jina la mfalme Chenghua aliyetawala karne mbili kabla yao, kwa kumheshimu. Mwandiko peke yake si shahidi. Utazame pamoja na udongo, uzito, ukingo wa kitako na namna ya uchoraji. Na ukitaka kukisafisha, maji na kitambaa laini vyatosha.

Mnunuzi aliporudi, nilimwomba ataje bei ya kila chombo peke yake. Bakuli la maua alilipandisha. Sahani ya kijani aliiita "hiyo yenye pengo", akasema ataichukua bure kama nyongeza. Hapo sote tukatazamana. Nikamshukuru, nikamfungulia mlango.

Tuliwauliza wauzaji wawili wengine wasiojuana, tukapata makadirio ya haki, tukayaandika mbele ya mashahidi. Dada mkubwa alitaka fedha, akapewa fungu lake kwa fedha. Mimi nikaichukua sahani ya kijani kwa thamani yake kamili, ikahesabiwa katika fungu langu. Dada mdogo, ambaye hakuwa amesema neno siku zote hizo, aliomba bakuli la maua na ile sahani nyeupe ya kombe, ambayo wauzaji wote waliipa bei ya chai. Tulimwambia aitwae bila kuhesabiwa, akakataa. Alitaka iandikwe nayo.

Ndugu msomaji, kabla hujauza, geuza chombo utazame kitako. Andika kilitoka kwa nani na kilikaa nyumba gani, kwa maana wanaojua hayo wanazidi kututoka. Ujue pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa ni mali ya kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao nao sharti kwanza uujue.