Chuma bora kinapita Mhunze kikielekea kwenye tanuri

Malori ya vyuma chakavu yanayotoka vijijini Kishapu na Kahama hubeba kila kitu pamoja: plau zilizoisha, rimu za baiskeli, vipande vya nondo, mabati yenye kutu, na humo humo springi za malori na beringi za mashine za kusaga. Vyote hupanda mzani mmoja na kulipwa bei moja. Vikifika kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma, Mwanza au Dar es Salaam, vingi hutoka vikiwa nondo. Mwenye kiwanda hapati hasara yoyote. Anayeipata ni seremala, kwa sababu springi ile ingekuwa patasi yake, na nondo haitakuwa patasi hata ikifuliwa mwaka mzima.

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, ni mji wa pamba, mifugo na ofisi za serikali, na jirani yake ni Mwadui, ambako almasi zimechimbwa tangu 1940. Kazi ya mbao haikosi wateja. Watu wanajenga, wanaoa, wanahama nyumba za kupanga. Serikali nayo ni mteja mkubwa: kampeni ya madawati ya mwaka 2016 iliwafanya mafundi nchi nzima wakeshe, na mwaka 2021 fedha za mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 yaliyohitaji milango, fremu na viti. Mbao zenyewe husafiri. Msonobari hutoka nyanda za juu kusini, mninga hutoka misitu ya Tabora na kwingineko, na bei yake hupandishwa na nauli. Mbao haina nafuu, na kodi ya banda haina nafuu. Fundi anapotafuta mahali pa kupunguza gharama, macho humwendea sandukuni, kwenye zana.

Hapo ndipo anapoumia. Patasi ya bei ndogo inayoletwa kutoka ng'ambo hung'aa dukani, lakini ikigongwa kwenye mninga mkavu makali hukunjika, na fundi hutumia nusu ya asubuhi kwenye jiwe la kunolea. Iliyo bora ipo, ila bei yake ni ya kufikiriwa mara mbili, na mara nyingi haipatikani Mhunze. Ni ya kuagiza Shinyanga mjini au Mwanza. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa seremala neno hilo halifai. Asiyechagua zana hutoa kiungio kilicholegea, na kiungio kilicholegea ni mteja asiyerudi.

Ndiyo maana mafundi wengi hujitengenezea. Biashara hii haimo kwenye leseni wala kwenye hesabu za mapato, kwa kuwa mtu hajiuzii patasi mwenyewe. Lakini ipige hesabu. Kilo ya chuma chakavu huuzwa kwa mamia ya shilingi, na patasi moja ya duka kwa maelfu. Patasi ya inchi moja, urefu wa sentimita 25 na unene wa milimita sita, ina uzito unaokaribia gramu 300. Kwa hiyo kilo moja ya springi hutoa patasi mbili hadi tatu. Ongeza kopo la mkaa, kipande cha mkwaju cha mpini, mkono wa mhunzi na saa kadhaa za kusugua kwa tupa. Tupa ndiyo gharama inayosahaulika: ni ghali na huisha haraka, na anayejitengenezea bila kuihesabu anajidanganya. Hata hivyo zana moja ikidumu miaka kumi, hesabu bado iko upande wake.

Siri iko kwenye kaboni. Chuma cha springi kina kaboni karibu nusu ya asilimia au zaidi kidogo; beringi hukaribia asilimia moja; tupa kuukuu huizidi. Nondo za kawaida zina kidogo, na bila kaboni ya kutosha chuma hakishiki ugumu hata ukikichovya mara mia. Fundi mjanja hahitaji maabara. Hugusisha chuma kwenye grenda na kutazama cheche. Za nondo huruka ndefu na nyembamba, bila kupasuka sana. Za springi hugawanyika nchani. Za tupa hulipuka karibu na jiwe, tele. Kipimo hiki huchukua sekunde tano, na mnunuzi wa vyuma chakavu angeweza kukitumia kutenga rundo la pili lenye bei yake. Sijaona sababu ya kibiashara ya kutofanya hivyo.

Baada ya chuma huja moto. Mivukuto ya ngozi sehemu nyingi imeachia nafasi feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, lakini mkaa ni ule ule. Patasi ikishafuliwa na kupewa umbo, huchomwa tena hadi iwe nyekundu yenye kung'aa, kiasi cha nyuzi 800 na ushei. Aliye na sumaku hujaribu nayo: chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku hukiacha, na ukiongeza joto kidogo umefika. Kisha hutumbukizwa kwenye oili iliyotolewa kwenye injini. Maji hupoza kwa ghafla zaidi, na springi iliyotiwa majini huweza kupasuka mstari usioonekana mpaka siku ya kazi. Ikitoka kwenye oili ni ngumu lakini dhaifu, pigo moja laweza kuivunja. Husuguliwa ing'ae, hupashwa moto polepole kutoka upande wa mpini, na fundi hutazama rangi ikitembea kuelekea makali. Rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 230, ikigusa ncha, huchovywa papo hapo. Ikipita ikawa ya buluu, imelegea, inafaa bisibisi. Kijana anayenoa kwa grenda hadi ncha igeuke buluu huharibu kwa dakika moja kazi ya siku nzima, na huyo ni mtu ninayemwona kila mahali.

Randa ni hadithi nyingine, na hapa seremala hamhitaji mhunzi sana. Gogo la mti mzito na mkavu hupasuliwa mapande matatu kwa urefu, lile la kati hukatwa kwa mteremko wa nyuzi 45, kisha yote hurudishwa pamoja kwa gundi. Mdomo hupatikana bila kuchimba. Kisu kinatoka kwenye springi, kabari kwenye mabaki ya mbao. Randa ya chuma ya kiwandani ina skrubu ya kurekebisha. Hii hurekebishwa kwa nyundo, kugonga kidogo mbele, kidogo nyuma. Wajenzi wa majahazi wa Nungwi na Lamu wameishi na tezo na keekee za upinde za kujitengenezea muda mrefu kuliko kumbukumbu za duka lolote la zana.

Kazi ya chuma katika ukanda huu nayo haianzi leo. Walongo wa upande wa Geita na Buzinza waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, na majembe yao yaliwafikia Wasukuma, yakalimia na kulipia mahari. Majembe ya viwandani yaliyoletwa wakati wa ukoloni yakaiua kazi ya kuyeyusha. Kufua kulibaki. Baadaye taifa lilijaribu viwanda vyake: Ubungo Farm Implements, uliojengwa kwa msaada wa China, na Zana za Kilimo Mbeya. Vilitengeneza zana za mkulima, na seremala akabaki kusubiri meli.

Leo mahali ambapo ujuzi wa kukaza chuma unalipwa fedha taslimu ni kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Mchimbaji hushuka duarani, yaani shimoni, na nyundo na moko, patasi ya kupasulia mwamba. Mwamba wa dhahabu hula ncha ya moko, na jioni hurudi kwa mhunzi kufuliwa, kuchongwa na kuchovywa. Moko uliolegea humrudisha mwenyewe akilalamika kesho yake, kwa hiyo mhunzi wa machimbo hujifunza rangi za moto haraka kuliko mwanafunzi yeyote. Huyu ndiye mtu ambaye maseremala wa Kishapu wangepaswa kumwita, kumlipa siku mbili za kazi na kumpa patasi hamsini kwa mkupuo, badala ya kila mmoja kubahatisha kwenye jiko lake.

Kinachokosekana kwa hiyo si mashine kubwa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, tangu 1994, na somo la kukaza na kulegeza chuma linaweza kufundishwa kwa siku chache, kwa vipande vya springi na ndoo ya oili. Fedha nazo zina mlango: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Maombi mengi ya mafundi huwa ya mashine za umeme, na sina ugomvi nazo. Lakini umeme ukikatika, au kazi ikifika kwenye kiungio cha mlango, mkono hurudi kwenye patasi. Kikundi cha wahunzi na maseremala kikiomba fuawe moja, feni, jiriwa imara, tupa za kutosha na mtaji wa kununua springi kwa bei ya juu kidogo kuliko mzani wa chakavu, kitakuwa na bidhaa yenye wateja ndani ya wilaya: patasi, visu vya randa, tezo, na moko kwa machimbo.

Kuuza kutahitaji alama. Patasi ya mhunzi isiyo na chapa huonekana ya bei ya chini hata ikishinda ya dukani, na mnunuzi hajui amrudie nani ikimwangusha. Chapa ya kugonga kwa nyundo, herufi mbili tu kwenye shingo ya patasi, pamoja na ahadi ya kuibadilisha ikikunja makali, ingemfanya fundi wa Kahama aagize kutoka Mhunze bila kumjua aliyeifua.