Kidato cha nne Dzaleka: hoja kwa Kiswahili, jibu kwa Kiingereza

Kwenye MSCE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Malawi, namba ndogo ndiyo yenye heshima. Kila somo hupewa alama kuanzia 1 hadi 9: 1 na 2 ni za juu kabisa, 3 hadi 6 ni krediti, 7 na 8 ni za kuponea, 9 ni kuanguka. Zinajumlishwa alama za masomo sita mtahiniwa aliyofanya vizuri zaidi, Kiingereza kikiwa ndani kwa lazima, na ndiyo maana wa kwanza nchini huwa na pointi 6. Mtanzania aliyezoea divisheni hawezi kushangaa. Kijana aliyeanza shule Uvira au Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako matokeo hutangazwa kwa asilimia, huhitaji muda kuizoea hesabu hii, na ni muhimu aizoee mapema, kwa sababu inamwambia aweke nguvu wapi. Vyuo vikuu vya umma huwa vinataka krediti sita, Kiingereza kikiwemo. Anayeng'ara kwenye hisabati na fizikia huku akiwa na 9 ya Kiingereza hata cheti hapati.

Dzaleka iko wilayani Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, pakageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Sokoni na mitaani Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, kikipokezana na Kichewa na Kinyarwanda. Shule za msingi na sekondari zimekuwa zikiendeshwa kwa msaada wa Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, na darasani huketi pia watoto wa Kimalawi wa vijiji jirani. Mtihani wao ni mmoja, ule wa baraza la taifa, MANEB.

Ugumu unaanzia hapo. Mwanafunzi aliyetoka Kivu alisoma sayansi kwa Kifaransa, nyumbani anaongea Kiswahili, karatasi ya mtihani iko kwa Kiingereza. Njia ya mkato ambayo wengi huishika ni kukariri: kuusoma ukurasa kwa sauti mara ishirini mpaka maneno ya Kiingereza yatoke yenyewe, hata kama maana haijaingia. Swali likigeuzwa kidogo tu, kila kitu kinamwagika.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila kidato cha nne kingefaa kulijua. Wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Baadhi walirudia kusoma. Wengine walifunga karatasi na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kurudia ukurasa kunampa msomaji hisia kwamba anajua. Kufunga daftari kunamwonyesha asichokijua wakati bado ana muda wa kukifuata.

Kwa Dzaleka hiyo ni habari njema, maana daftari lililofungwa halina bei. Vitabu ni vichache, mitihani ya miaka iliyopita hupitishwa mkono kwa mkono hadi kona zinachakaa, na umeme si wa kutegemea. Lakini vijana watatu au wanne waliokaa barazani wanaweza kuulizana bila kitabu wala taa. Na hapo Kiswahili, ambacho baadhi ya walimu hukiona kama kizuizi, kinakuwa mtaji. Mjadala wa kwanza ufanyike kwa lugha ambayo kila mmoja anaweza kubishana nayo. Mmoja aeleze, mwenzake apinge, wa tatu atoe mfano. Hoja ikishaeleweka, kila mmoja achukue kalamu, aandike jibu peke yake kwa Kiingereza, ndani ya dakika ambazo mtihani ungempa. Makundi mengi huishia kwenye mjadala, yakatawanyika yameridhika. Sehemu ya pili, ile ya kalamu, ndiyo yenye alama.

Chukua osmosisi, mada inayowasumbua wengi kwenye biolojia. Karatasi ya vitendo hutisha pale ambapo maabara haina vifaa, ila jaribio hili linahitaji kiazi kimoja cha sokoni, kisu, chumvi, rula na vikombe viwili. Kata vipande viwili vya urefu wa sentimita tano. Kimoja kitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa moja au zaidi, cha kwanza kimekakamaa na pengine kimerefuka kidogo. Cha pili kinapindika kikishikwa, na rula inaonyesha kimepungua. Maji yametoka ndani ya seli kufuata upande wenye chumvi. Aliyekishika kile kipande kwa vidole vyake hahitaji kukariri, na swali la kutaja likigeuzwa kuwa la kueleza sababu, anayo sababu.

Matayarisho ya akili ni jambo jingine, na kwa mkimbizi yana uzito wa peke yake. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya elimu ya umma, ajira na uhuru wa kutembea. Mwezi Mei 2023 polisi walianza kuwaondoa wakimbizi Lilongwe na kuwarudisha Dzaleka; watoto waliokuwa na dawati mjini wakajikuta wanatafuta nafasi kwenye madarasa yaliyokwishafurika. Kumwambia kijana wa namna hiyo asiwe na wasiwasi ni kutomsikiliza. Wasiwasi wake una sababu.

Yako mambo madogo yanayosaidia. Kulala usingizi wa kutosha kunashinda kukesha, kwa kuwa kilichosomwa mchana hutulia kichwani usiku. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chicago waliripoti kwamba wanafunzi wenye hofu walifanya vizuri zaidi walipoandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani. Watafiti wengine walipoujaribu tena utafiti wa aina hiyo hawakuipata faida ile, kwa hiyo usichukuliwe kama dawa. Bado, anayeona kuandika kunampunguzia mzigo hapotezi kitu.

Kinachopaswa kuepukwa kabisa ni biashara ya karatasi za wizi. Mwaka 2020 mitihani ya MSCE ilivuja na kusambaa kwenye simu, serikali ikaifuta, na nchi nzima ikalazimika kurudia mapema 2021. Waliosoma kwa haki waliadhibiwa pamoja na walionunua.

Wazazi nao wana kazi. Wengi humwambia mtoto kwamba familia nzima inamtegemea apate ufadhili. Nafasi zipo kweli: DAFI, mpango wa UNHCR ulioanza 1992, na shirika la WUSC la Kanada, ambalo limekuwa likidhamini wanafunzi wakimbizi tangu 1978 na limechukua vijana kutoka Malawi. Ila ni chache kuliko wanaostahili, na kijana aliyefaulu akaikosa hajashindwa. Ndani ya Dzaleka yenyewe kumekuwa na masomo ya chuo kwa mtandao kupitia Wajesuiti tangu 2010. Mtoto aambiwe njia zote, asionyeshwe moja tu yenye mlango mwembamba.

Wasichana ndio wanaobeba zaidi. Foleni ya bomba, kuni, kupika, kulea wadogo, halafu vitabu usiku, wakati kaka zao wa kidato kile kile wameshamaliza kurasa zao. Miezi miwili kabla ya mtihani familia inaweza kukaa chini na kugawa upya zamu za nyumbani: ndoo za asubuhi azibebe kaka, jioni mama mdogo ashike jiko, na saa mbili za mwanga wa jua ziwe za binti na daftari lake.