Kompyuta Yawaka, Kiwambo Chabaki Cheusi

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari alinijia siku moja na habari ya masikitiko. Kompyuta ya shule yao, ambamo zilikuwamo alama zote za wanafunzi wa kidato cha nne, ilikuwa imehamishwa kwa gari katika barabara mbovu hadi ofisi mpya. Ilipowashwa, taa yake iliwaka na feni yake ikazunguka, lakini kiwambo, ambacho wengi hukiita kioo, kilibaki cheusi. Fundi alikwisha kutamka kwamba mashine imekufa. Je, hukumu hiyo ilikuwa ya haki?

Ili kulijibu swali hili, yafaa kwanza tuelewe yanayotukia katika sekunde chache za mwanzo. Umeme wa ukutani, ambao ni mkondo geu, huingia katika pawa saplai na kugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Ndipo prosesa huanza kutekeleza programu fupi iliyohifadhiwa katika chipu kwenye ubao mkuu. Programu hiyo huikagua mashine yenyewe: kumbukumbu ya muda, sehemu inayounda picha, na viungo vinginevyo. Maandishi hayawezi kuonekana mpaka sehemu ya picha iwe tayari. Kwa hiyo hitilafu ikitokea kabla ya hapo, mashine haina njia ya kuiandika shida yake. Ni kama mgonjwa aliyepotewa na sauti.

Kwa sababu hiyo waundaji waliipa lugha nyingine, nayo ni milio. Katika kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981, mlio mmoja mfupi ulimaanisha kuwa mambo ni shwari, na mlio mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulielekeza kwenye sehemu ya picha. Siku hizi maana ya milio hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na baadhi ya mashine hutumia vijitaa badala ya milio. Kitabu cha maelezo cha mashine ndicho mfasiri wa kutegemewa.

Uchunguzi na uanze na kilicho rahisi. Je, kiwambo chenyewe kina umeme? Je, waya wake umekaza pande zote mbili? Kijaribiwe kwa kompyuta nyingine iliyo nzima. Ikiwa mashine ina kadi ya picha ya pekee, waya uchomekwe kwenye kadi hiyo, kwani aghalabu tundu la ubao mkuu huzimwa kadi inapokuwapo.

Kisha bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kitaa chake kikiwaka na kuzimika kila ubonyezapo, mashine i hai, na hitilafu yaelekea kuwa upande wa picha. Kisipoitika, huenda ukaguzi ulikwama mapema, na hapo ni lazima kutazama ndani.

Kabla ya kufungua kasha, zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha. Umeme tuli usioweza hata kuuhisi mwilini waweza kuharibu chipu. Chomoa vijiti vya kumbukumbu, ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu, uvirudishe mpaka vishikizo vyake vijifunge. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Kadi ya picha nayo ichomolewe na kurudishwa vivyo hivyo. Lakini pawa saplai, na viwambo vya zamani vyenye mgongo mkubwa, visifunguliwe kamwe: kapasita zilizomo zaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Katika hatua zote hizi, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kama ufanyavyo katika maabara ya fizikia. Ukibadilisha viwili na kiwambo kikawaka, hutajua kilichokuwa na kasoro.

Tulipoichunguza mashine ya mwalimu yule, kitaa cha kibodi hakikuitika. Ndani tulikuta kijiti cha kumbukumbu kimelegea upande mmoja, bila shaka kwa mitikisiko ya safari. Tulikikaza, tukawasha, na kiwambo kikang'aa. Alama zilikuwapo zote, kwa kuwa diski, tofauti na kumbukumbu ya muda, hutunza yaliyomo hata pasipo umeme.

Walimu wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo: wapeni wanafunzi kompyuta kuukuu, waichunguze hatua kwa hatua na kuandika walichokiona katika kila hatua. Na kabla ya kuihamisha mashine yoyote yenye alama za wanafunzi, nakilini alama hizo mahali pengine. Mwalimu yule alirudi shuleni kwake akaanza na hilo la pili.