Vyombo vya chuma cha kusubu: bei ya mizani na bei ya jikoni

Katika ukanda wa Mzenga, Tanzania, chombo cha jikoni kilichochakaa huuzwa kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini kwa baiskeli au pikipiki akiwa na mizani ya kuning'iniza, akikusanya sufuria zilizotoboka, vikaango, pasi za mkaa na majembe yaliyokwisha. Mzigo huishia Dar es Salaam au katika viwanda vya nondo, kama kile cha Kiluwa kilichozinduliwa Mlandizi, Kibaha, mwaka 2017.

Kwenye mizani hiyo alumini hukishinda chuma kwa bei. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo fundi mdogo hulipata kwa mkaa na mvukuto, akasubu sufuria mpya siku hiyohiyo. Chuma cha kusubu hudai takribani nyuzi 1,150 hadi 1,200, na karakana chache huzimudu. Kwa hiyo kikaango kizito cha zamani cha chuma cha kusubu hulipiwa bei ya chini kwa kilo, ilhali ni vigumu kupata kingine kama hicho. Hiyo ni hasara ya wazi kwa muuzaji.

Marekani hasara hiyo imegeuzwa biashara. Vikaango vya Griswold, vilivyosubiwa Erie, Pennsylvania, hadi mwaka 1957, hununuliwa na wakusanyaji kwa bei isiyohusiana kabisa na uzito wake. Mzenga haihitaji wakusanyaji: mama lishe anayechoma chapati kwa mkaa anatosha kuwa soko, kwa sababu chuma kinene hutunza joto na hakipindi.

Kazi ya mchuuzi anayetaka kuuza vyombo hivyo kwa bei ya jikoni ni kuchagua. Sumaku hutenga chuma na alumini. Chombo kikigongwa kikalia kwa mlio mfu, huenda kina ufa, na chuma cha kusubu, chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4, ni kigumu kuungwa kwa kulehemu. Kutu si kasoro: husuguliwa kwa mchanga, chombo kikapakwa mafuta membamba na kuchomwa mara kadhaa mpaka kiwe cheusi. Lakini kikaango kilichowahi kutumika kuyeyushia risasi, ya betri au ya nyavu za wavuvi, kisirudi jikoni kamwe. Tahadhari hiyo inaihusu alumini pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo vya alumini chakavu kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo, na baadhi vilitoa risasi.

Kuna chuma kingine ambacho mchuuzi hapaswi kukigusa: Mzenga ina stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Chuma cha reli, bolti zake na vibanio vyake havinunuliwi kwa bei yoyote. Ni mali ya umma, na anayekutwa navyo hushtakiwa.